Vijiji vya mizabibu vya Alsace: lala ndani ya kuta

Mwenye haraka achukue moja tu: ukienda Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kuona vijiji vya kale na ngome zake, lala kijijini. Usipange Strasbourg ukawa unatoka asubuhi na kurudi jioni. Sisi tulianza hivyo, na siku za mwanzo ziliishia vituoni tukisubiri basi.

Sisi ni mimi na mama. Kazi yangu ni kuongoza watalii Bagamoyo, kwa hiyo magofu ndiyo yanayonilisha. Mama ni mtu wa Pangani. Magoti yamechoka, macho bado. Mdogo wangu anafanya kazi Strasbourg na kwa muda mrefu amekuwa akituita. Nilipomuuliza huko kuna nini, akasema vilima vimejaa ngome, na chini yake mizabibu mpaka upeo wa macho. Mama akauliza kama kunywa ni lazima. Tulicheka, lakini swali lilikuwa la maana na nitalirudia.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zilizotutoa jasho. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na juu yake kuna malipo ya kituo kinachopokea maombi. Ukinyimwa, hairudishwi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila ukingoja mpaka hapo unajitafutia presha. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Kama unafikia kwa ndugu, yeye aende manispaa ya kwake akaombe hati iitwayo attestation d'accueil, ya kuthibitisha kwamba atakupokea kwake. Anailipia stempu ya euro 30, na wewe unapeleka hati yenyewe, siyo picha ya simu. Mdogo wangu aliomba moja akidhani itatutosha wawili. Haitoshi, mama ana yake na mimi nina yangu. Akarudi tena manispaa, akangoja tena, kisha karatasi zikasafiri hadi Dar. Wiki zikayoyoma na nauli ya ndege ikapanda tukiiangalia. Kwa siku ambazo hutalala kwa ndugu, weka uthibitisho wa chumba, ili kila usiku wa safari uwe na anwani.

Tulishukia Paris. Uwanja wa Charles de Gaulle una treni za kasi za moja kwa moja hadi Strasbourg. Saa zake zisipokufaa, nenda mjini ukapande stesheni ya Gare de l'Est, mwendo wa saa 2 kasoro. Tiketi ya treni hizo ni kama ya ndege, inapanda kadiri siku inavyokaribia. Nunua mapema, lakini acha nafasi ya kutosha baada ya ndege kutua, hasa ukiwa na mzazi anayehitaji kiti cha magurudumu uwanjani.

Njia tuliyoifuata inaitwa Barabara ya Mvinyo ya Alsace. Ilizinduliwa 1953, ina kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim hadi Thann, na inapita chini ya milima ya Vosges. Milima hiyo inakinga mvua za kutoka magharibi, ndiyo maana Colmar, ulio katikati ya njia, ni kati ya miji mikavu kabisa ya Ufaransa, na ndiyo maana zabibu zinaiva vizuri ukanda huo. Tulikwenda Septemba. Mchana jua zuri, alfajiri baridi ya kumfanya mama avae kanga mbili juu ya sweta na bado alalamike.

Kati ya Strasbourg na Colmar hakuna shida, treni za mkoa zipo nyingi na mwendo ni nusu saa na ushei. Kazi inaanza Colmar. Mabasi ya vijijini yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi, siyo mimi na mama yangu. Mchana yanaachana sana, Jumapili na sikukuu mengi hayatembei kabisa. Siku ya Riquewihr tulifika karibu saa 5 asubuhi pamoja na makundi ya mabasi makubwa ya watalii. Mji wenyewe ni mzuri, umezungushiwa kuta, na juu umesimama mnara wa Dolder wa 1291, mita 25 kwenda juu. Lakini barabara kuu ni moja, inapanda, na siku hiyo ilijaa mabega. Mama aliuona mnara kwenye simu za watu waliokuwa mbele yake. Kurudi, basi likatupita tukiwa tumesimama upande usio wake, na teksi hadi Colmar ikala pesa ya chakula cha siku nzima. Ukisimama kituoni, hakikisha uelekeo kwenye karatasi iliyobandikwa, maana kituo kina pande mbili na jina ni lile lile.

Kisha Haut-Koenigsbourg, ngome inayoonekana kwenye kila kalenda ya Alsace. Iko mita 757 juu ya usawa wa bahari. Kutoka stesheni ya Sélestat kuna basi maalumu la kupanda huko, ila linategemea msimu na siku za wiki, hivyo angalia ratiba ya mwaka huo huo. Ndani ni ngazi juu ya ngazi, nyingine za kuzunguka kwenye minara. Mama alipoona za kwanza akasema, "Nenda wewe baba, mimi nipo hapa," akakaa uani.

Ngome hii inatajwa kwenye maandishi tangu 1147. Ilichomwa 1462, ikajengwa upya na kuimarishwa ili ihimili mizinga, kisha mwaka 1633, katika Vita vya Miaka Thelathini, Waswidi waliizingira siku 52 wakaiteka, ikaungua, ikaachwa miti iote ndani. Alsace ilipokuwa ya Ujerumani baada ya 1871, mji wa Sélestat uliyatoa magofu hayo zawadi kwa Kaisari Wilhelm II, mwaka 1899. Yeye akamweka mjenzi Bodo Ebhardt, na kati ya 1900 na 1908 wakaisimamisha upya: mapaa, minara, jiko, mpaka kinu cha upepo. Kisima chake kina kina cha zaidi ya mita 60.

Sasa, jina la Wilhelm II nalitaja karibu kila siku ya kazi, nikiwa mbele ya Boma la Bagamoyo. Nilisimama kwenye ukumbi wake nikatazama juu, tai mkubwa wa dola amechorwa dari nzima, mabawa yamefunguka. Nikapiga hesabu ya miaka. Mafundi walipokuwa wakipandisha mawe haya mekundu kilimani, kwetu ilikuwa 1905, 1906, 1907. Matumbi, Songea, Maji Maji. Vijiji vinachomwa, ghala zinateketezwa, na watu wanakufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Uzinduzi wa ngome ulikuwa Mei 1908. Wenzangu chumbani walikuwa wakipiga picha dari, nami nikapiga. Wageni wangu wa Kijerumani wakija Bagamoyo huwa naionyesha.

Kwa hiyo nenda Haut-Koenigsbourg, ila nenda ukijua kwamba sehemu kubwa ya unachokiona ni jengo la 1908 lililovishwa nguo za karne ya 15. Wasomi walimbishia Ebhardt tangu wakati huo, hata juu ya umbo la mnara mkuu. Kama umekuja kwa ajili ya mawe ambayo hayajapambwa, endelea kusoma.

Baada ya ile teksi tulikata shauri. Mdogo wangu akatutafutia chumba nyumbani kwa mkulima wa zabibu, Eguisheim, kilomita chache kutoka Colmar. Bei ya chumba kwa usiku ilinikaba koo, lakini nilipoondoa nauli za kila siku na ile teksi, tofauti haikuwa kubwa. Na chumba kilikuwa na jiko dogo, jambo ambalo kwa mama lilikuwa muhimu kuliko mandhari.

Eguisheim umejengwa kwa mduara. Katikati kuna ngome ndogo, nyumba zimeizunguka, kisha barabara nyembamba, kisha nyumba tena, duara ndani ya duara. Papa Leo IX, aliyezaliwa 1002, anahesabiwa mtoto wa hapo, na sanamu yake imesimama uwanjani. Mchana hapapitiki. Ikifika saa 12 jioni mabasi yanaondoka na barabara inabaki ya wenyeji na sisi wachache tuliolala. Asubuhi vile vile, tangu baada ya alfajiri mpaka saa 3 hivi. Mama akishaswali tulikuwa tunatoka, yeye na bakora yake, polepole, tunafuata ule mduara. Hakuna kupotea wala kilima, unatembea tu mpaka unarudi ulipoanzia. Kwa mwenye magoti mabovu, sijaona kijiji kinachomfaa kama hicho.

Juu ya mapaa kuna viota vya korongo, vikubwa kama matairi ya lori. Wengi huondoka Agosti kwenda Afrika. Waliobaki wanagongesha midomo kama mtu anayepiga vijiti. Ndege hawa walikaribia kwisha kabisa Alsace. Mwaka 1974 zilikuwa zimebaki jozi zisizofika 10. Wakafugwa, wakazalishwa, wakaachiwa, na baadhi ya waliofugwa wakasahau kuhama, wakawa wanakaa mwaka mzima kwenye baridi.

Katika matembezi hayo mama alisimama ghafla kwenye kichochoro. Nyumba za huko ndizo zile za picha, mihimili ya mbao imekatizana ukutani, katikati rangi ya manjano au samawati. Pale plasta ilikuwa imebanduka sehemu ya ukubwa wa sinia. Mama akasogea, akagusa kwa kidole, akabandua kipande kidogo. Ndani kulikuwa na fito zilizosukwa, na udongo umechanganywa na majani makavu, umekandamizwa humo, juu chokaa.

"Hii si nyumba ya kukandika?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Miaka yote wanatutumia picha za nyumba hizi. Fito, udongo, chokaa. Ila wao mbao zao nene." Akazifuta vidole kwenye kanga. "Na wao hawazibomoi."

Hapo mama alipatia. Nyingi ya nyumba hizo ni za karne ya 16 na 17, mwaka umechongwa juu ya mlango, hivyo siyo zote za Zama za Kati kama matangazo yanavyodai. Cha kale zaidi huwa ni kuta, malango na minara. Na kwa kuwa mbao zimeungwa kwa vishikizo, nyumba iliweza kufunguliwa boriti kwa boriti ikahamishwa. Kule Ungersheim, kusini ya Colmar, kuna makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa 1984 yenye nyumba zilizookolewa kwa namna hiyo. Mama alitaka kwenda, lakini siku zetu zilikuwa zimekwisha.

Magofu niliyoyatafuta niliyapata Ribeauvillé. Juu ya mji kuna ngome 3, zote zikihusiana na mabwana wa Ribeaupierre, waliokuwa pia walinzi wa wapiga zumari na ngoma wa Alsace. Hadi leo, Jumapili ya kwanza ya Septemba, kuna sikukuu kubwa ya wapiga zumari, na siku hiyo mji hufurika. Ama uende kwa ajili yake, ama uikwepe. Njia ya kupanda inaanzia mwisho wa mji, inapita kando ya mizabibu kisha inaingia msituni. Vaa viatu vya kushika, beba maji, tenga nusu siku kwa kupanda, kukaa na kushuka. Saint-Ulrich ndiyo iliyonishika. Haina paa, wala sauti ya maelezo masikioni. Ukumbi wa wapiganaji umebaki na safu ya madirisha pacha ya tao, na kupitia tao hizo unaona bonde lote la Rhine. Wasimulizi wanasema ndugu wawili waliishi ngome za jirani, wakawa wanaamshana kwenda kuwinda kwa kupiga mshale kwenye dirisha la mwenzie. Siku moja dirisha likafunguliwa mshale ukiwa njiani. Kama mtu wa kazi hii, hadithi naijua inavyotengenezwa, lakini pale juu niliisikiliza. Kaysersberg pia ina mnara wa karne ya 13 unaoupanda bila kiingilio, mwendo mfupi kutoka mjini, na daraja lenye kuta la 1514. Ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer, 1875, yule daktari aliyekwenda Gabon.

Sasa swali la mama. Kunywa siyo lazima, wala hakuna aliyetusumbua. Wakulima wengi wana chumba cha kuonjea, wanakaribisha, wanamimina kidogo kidogo. Hata wanaokunywa wengi hutema kwenye chombo kilichowekwa. Ukionja bila kulipa, ni adabu kununua japo chupa. Sisi tulisema mapema kwamba hatunywi, tukaomba jus de raisin, juisi ya zabibu. Wengi wanayo, nyingine tamu mpaka inahitaji maji. Lakini wakati wa mavuno kuwa mwangalifu. Wanauza kinywaji kipya cha zabibu, kizito, chenye ukungu, kitamu kama juisi. Kile kimeshaanza kuchachuka na kina kilevi, na kwenye meza kimekaa pembeni ya juisi. Mwenye nyumba wetu ndiye aliyemshika mama mkono. Kwa anayeendesha gari, kikomo Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa dereva ambaye leseni yake bado ni mpya, yaani glasi moja inatosha kumharibia.

Chakula ni mtihani zaidi kuliko mvinyo. Nguruwe yuko kila mahali. Flammekueche, ule mkate mwembamba wa krimu na kitunguu, huja na vipande vyake. Sema sans lardons au chukua wa jibini na uyoga. Kabichi ya kuchachua huja na soseji. Baeckeoffe, chungu cha viazi na nyama, kwa kawaida kina nyama 3 mojawapo nguruwe, na imelazwa kwenye mvinyo mweupe, basi hicho kiache kabisa. Migahawa mingi hufunga jiko saa 8 mchana mpaka saa 1 jioni, na mingine haifungui Jumatatu. Tulinunua nyama kwa Waturuki wa Colmar na mama akapika wali. Harufu ya iliki ilimleta mwenye nyumba jikoni, akaondoka na sahani.

Kuna sehemu moja haikuwa kwenye mpango. Ukipita maeneo ya Riquewihr na Kaysersberg utaona vijiji ambavyo nyumba zake ni mpya mpya: Bennwihr, Sigolsheim, Ammerschwihr. Vita vya mwisho wa 1944 vilivisaga. Juu ya Sigolsheim, kilimani, katikati ya mizabibu, kuna makaburi ya askari wa jeshi la Ufaransa waliokufa kuikomboa Alsace. Mdogo wangu alisimamisha gari tupige picha ya bonde. Mama akaanza kusoma mawe. Yalikuwa na kichwa cha tao, hilali na nyota, maandishi ya Kiarabu. Safu baada ya safu. Wengi waliolala pale ni vijana wa Afrika Kaskazini, na mawe yao yameelekezwa kibla. Mama alisoma Fatiha kwenye safu ya kwanza, akahamia ya pili, akahamia ya tatu. Mdogo wangu akasema, "Mama, tutachelewa." Akamjibu, "Hawa wana miaka themanini hawajatembelewa na mama yeyote," akaendelea. Chini yetu trekta lilikuwa likivuta tela la zabibu. Tulifika Colmar usiku, na sijui mdogo wangu alimwambia nini msimamizi wake wa kazi kesho yake.

Hesabu za mwisho: kilichokula pesa nyingi ni ndege, kisha malazi, kisha karatasi. Viingilio ni vidogo, na magofu niliyoyapanda ni bure. Kwa Septemba tafuta chumba miezi mingi kabla, maana ni mavuno na wageni ni wengi. Desemba ya masoko ya Krismasi, mdogo wangu anasema, ni mbaya zaidi. Badilisha pesa kidogo ya taslimu kwa ajili ya mashine za kuegesha gari nje ya kuta, nyingine zinakataa kadi zetu.

Mama alirudi na chupa za juisi kwenye begi kubwa, amezifunga kwa kanga. Zilikuwa za ile chupa ndefu nyembamba ya Alsace, na bila kusoma karatasi huwezi kuzitofautisha na za mvinyo. Dar, ofisa wa forodha akafungua begi, akaziangalia, akamwangalia mama na buibui lake, akaziangalia tena.

"Shikamoo mama. Hizi ni zako?"

"Marahaba. Zangu, mwanangu. Lete kikombe."